Simu Aliyoipiga Waridi

Soko la Mwanjelwa lilikuwa limefurika watu siku Yunusu alipoingia kwenye duka la Waridi, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi, akaomba khanga ya kumpelekea mama yake Iringa.

"Mama anapenda rangi gani?" Waridi aliuliza.

"Sijawahi kumuuliza."

"Umri wote huo? Basi mpigie hapa hapa."

Mama alitaja zambarau, kisha akataka kuongea na muuzaji, wakapiga soga hadi salio likaisha. Waridi aliporudisha simu, alikuta macho ya Yunusu yako kwake, siyo kwenye khanga.

Tangu hapo hawakuachana. Yunusu alipakia mbao kwenye lori lake Mafinga na kwenda kuzishusha mpaka machimbo ya Makongolosi, na kila kituo alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Kwa nani?"

"Waridi, ungefaa kuwa askari."

Kwa maswali hayo alimjua. Akajua baba yake ni marehemu, na dada yake ni mmoja tu, Ruwaida, aliyeolewa Iringa.

Kwa hiyo moyo ulimlipuka asubuhi moja alipoingia kwenye mgahawa wa jirani, mtaa wa Ilomba, akamkuta Yunusu, aliyesema yuko Mafinga, ameketi pembeni na binti aliyevaa koti lake.

"Huyu ni dada yangu," Yunusu alisema, upesi mno.

"Anaitwa nani?"

"Esnath," binti alijibu kwa sauti ndogo.

Waridi akavuta kiti. Wivu ulimkaba, lakini macho yaliona mengine: gauni jepesi chini ya koti, baridi yote ile, miguu peku, na jinsi binti alivyoshtuka kila mtu alipoingia.

"Mdogo wangu, nikupe simu uongee na nyumbani?"

Esnath alimtazama Yunusu kwanza. "Yangu waliichukua. Na kitambulisho."

"Kina nani?"

"Waridi, acha," Yunusu alisema. "Nitakueleza baadaye."

"Nieleze sasa."

"Siwezi."

Waridi alitoka nje. Kwenye kikundi chao cha akina mama waliwahi kufundishwa: mtu aliyenyang'anywa simu na kitambulisho, anayesemewa na mwingine, huenda anashikiliwa. Angeweza kunyamaza. Mwanamume alikuwa wake, na aibu ingekuwa yake. Akapiga simu polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

"Huyo mwanamume unamjua jina?"

Waridi akafumba macho. "Namjua." Akalitaja lote.

Yunusu alichukuliwa kwenda kuhojiwa. Kufikia alasiri ukweli ukajulikana. Esnath aliahidiwa kazi ya upishi hotelini. Alipofika Makongolosi akafungiwa kwenye baa na kulazimishwa kulala na wateja. Mwenye baa aliwatisha yeye na wenzake kwamba wakienda polisi watafungwa wao. Alipotoroka alimkuta Yunusu anashusha mbao, akamwomba lifti na kumwapisha asimwambie mtu. Yunusu alikuwa anampeleka kwa Ruwaida. Lakini mle ndani walibaki wasichana wengine, na maelezo ya Esnath ndiyo yaliyowatoa, mwenye baa akakamatwa.

Yunusu aliachiwa. Hakupiga simu. Waridi aliuza vitambaa vyake, akawajibu wateja, akakosa usingizi. Hakujuta, na bado aliumia.

Hatimaye simu ikaita.

"Ulinitaja mpaka jina la babu."

"Nilikutaja."

"Ulidhani naweza kufanya kitu kama kile?"

"Sikujua, Yunusu. Wewe ulikuwa na mdomo wa kujitetea. Yeye nilimwona anaomba ruhusa ya kujibu."

Alisikia lori likizimwa upande wa pili.

"Nilikasirika sana," Yunusu alisema. "Halafu Esnath akanipigia kwa simu ya mama yake. Akanisomea majina ya wenzake waliotoka. Waridi, mimi nilimtoa mmoja nikadhani nimemaliza kazi. Wangekuwa mle mpaka leo."

"Ulimwonea huruma."

"Niliogopa pia."

Waridi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nisamehe kwa yaliyokupata kule polisi."

"Yamepita. Mama anataka tulete posa. Lakini niambie kwanza: nikikuoa, siku nikifanya jambo linalonuka, utanitaja tena?"

"Nitakutaja."

Yunusu akacheka taratibu, kicheko ambacho Waridi alikuwa amekikosa masikioni muda mrefu.

"Basi tunakuja," alisema.