Mafuta ya Cherehani

Mjinga wa siku ile alikuwa fundi cherehani, na hana wa kumsingizia. Shemeji yake, mume wa dada yake, alimletea bastola ya kizamani inayokwama kila risasi ya pili. "Ni ya kutishia tu," alimwambia. "Ila isikwame." Mwenye akili angeuliza: ya kutishia tu, isikwame ya nini? Yeye aliuliza bisibisi iko wapi.

Saa 3:10 asubuhi. Chumba cha nyuma, katikati ya cherehani mbovu. Shemeji alichora duka la sonara kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo.

"Mimi naingia. Kobe kwenye usukani. Fundi, unaangalia barabara. Dakika nne."

Kobe, dereva wao, akapiga mwayo. "Mzee wa duka akigoma?"

"Ataiona hii." Akaivuta bastola. Ikateleza kama sabuni. "Shemeji, una mikono."

Fundi akavimba kichwa. Kwa siku tatu alikuwa amesugua kutu, akabadili springi, kisha akaimiminia mafuta ya cherehani hadi risasi zenyewe zikaoga.

Saa 3:52. Ndani ya gari. Ng'ambo, sonara alikuwa akihangaika na kufuli, miwani imemshuka puani. Juzi tu alileta cherehani ya mkewe, wakataniana. Fundi akamshika Shemeji mkono.

"Shemeji, toa risasi."

"Acha woga, uangalie barabara."

Shemeji akashuka, akaingia dukani.

Saa 3:56. Fundi alingoja mlio wa risasi. Haukuja. Kioo kilivunjika. Shemeji akachomoka mbio, mfuko mtupu, sikio linachuruzika damu. Nyuma yake sonara, mzima, nyundo mkononi, anaita watu. Fundi akamfungulia Shemeji mlango, kwa raha ambayo hakuthubutu kuionyesha.

Saa 3:58. Kobe alikata kona, mawe yakigonga bodi.

"Umeniuza," Shemeji alisema, kashika sikio. "Risasi zote zimelowa. Ulikuwa unatengeneza au unakaanga?"

"Nimetengeneza. Imekwama?"

"Haikukwama, lakini risasi haitoki! Hailii hata moja. Nikifika namwambia dada yako kaka yake ni msaliti."

Fundi akageuka, akamtazama mume wa dada yake usoni.

"Ya kutishia tu, shemeji. Umejuaje kama risasi haitoki?"