Kikoti cha Bonge

Kra-kra-kra... Kimya. Kra-kra-kra...

Fundi hawezi kukosea mlio wa cherehani yake. Yangu mkanda umelegea, ikikanyagwa inalia kama mtu anayetafuna mifupa, na usiku ule ilikuwa inakanyagwa. Mume wangu ni mlinzi, yuko lindoni mpaka asubuhi. Mama mkwe amelala chumbani kwake. Mwanangu niko naye kifuani.

Sasa sebuleni ni nani?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikalaumiwa bure, ingawa kulaumiwa nastahili.

Mwanangu ana miezi minane, tunamwita Bonge kwa ajili ya mashavu. Akashikwa na degedege, mashavu yakaisha, yakabaki macho. Hospitali walitupa dawa ya maji ya siku saba. Mama mkwe, ambaye ndiye kiongozi wa maombi kanisani kwetu, akafunga, akakesha. Siku ya tatu mtoto bado anakakamaa. Fundi mwenzangu, tunayeshona naye baraza moja, akaniambia, "Shoga, huyo Yesu wa mkweo ana foleni ndefu. Twende kwa anayehudumia sasa hivi."

Nikacheka. Halafu nikaenda.

Nilirudi na hirizi nyeusi, ukubwa wa kifungo cha koti. Kuficha kitu kwenye pindo kwangu ni kazi ya dakika mbili, nikaishonea ndani ya kikoti cha Bonge na sikumwambia mtu. Siku ya tano mtoto akanyonya, akacheka.

Jumapili nikasimama mbele za watu nikatoa ushuhuda kwamba Yesu kamponya mwanangu. Watu wakapiga makofi, mama mkwe akalia machozi, na mimi naijua hirizi iko wapi, naigusa kwa kidole gumba kwenye kikoti alichovaa huku nasema haleluya.

Jioni ya siku hiyohiyo nilitoka kuanua nguo, na kikoti nilikifua tulipotoka ibadani. Kiza kinaingia. Nepi zipo, shuka lipo. Kikoti hakipo, vibanio viwili tu vimebaki vinaning'inia kambani. Nikasema upepo. Upepo gani, hata jani halitikisiki!

Ndiyo usiku ule nikasikia cherehani.

Niliamka na Bonge begani. Sebuleni nikabonyeza swichi, taa ikagoma. Mwanga wa dirishani ulitosha. Kanyagio linapanda, linashuka. Kiti kitupu. Harufu ya nywele zilizoungua. Na chini ya sindano... kikoti.

Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa, umezibwa. Sindano inamalizia wa kushoto.

"Kazi nimefanya mimi," sauti ikasema. "Sifa umempa nani?"

Haikutoka kwenye cherehani. Ilitoka begani kwangu, upande aliolaza kichwa mwanangu.

"Yesu," nikanong'ona.

"Ni nani huyo?"

"Mama anasema... ni Bwana. Mchungaji anasema ni mponyaji..."

"Hao nimewasikia. Wewe je? Wewe unasema ni nani?"

Kikoti kikageuka chenyewe. Sindano ikaingia shingoni.

Kra-kra-kra...

Bonge akaanza kukoroma. Kila mshono ukisogea, pumzi yake inakuwa nyembamba. Nikavuta kikoti, hakivutiki. Nikatafuta kinywani maneno ya mama mkwe, hayapo, ya mchungaji nayo hayapo. Nguo ya kuazima haisitiri, wahenga walisema, na mimi imani yote nilikuwa nimeazima, hata lile haleluya lilikuwa la watu.

Shingo imefika nusu.

"Simjui vizuri!" nikapiga kelele. "Nimemsemea uongo, nimemuaibisha, lakini ni Bwana wangu. Wangu mimi! Hata akimchukua Bonge. Wewe siye!"

Kra.

Kimya.

Bonge akavuta pumzi ndefu, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Nikageuka. Mama mkwe amesimama mlangoni, kamulika na tochi ya simu.

"Limekuuliza na wewe?" akasema.

Na wewe. Alisema *na wewe*.

Nilichukua wembe nikafumua pindo la kikoti ili nimwonyeshe dhambi yangu, anifukuze yaishe. Hirizi ikadondoka. Nikaendelea kufumua... ikadondoka nyingine. Hii imeshonwa kwa mkono, mishono imelalia kushoto. Nyumba hii anayeshona kwa mkono wa kushoto ni mmoja.

Mama akakaa chini sakafuni, mama ambaye kanisa zima likiugua linamwita yeye.

"Niliogopa, mwanangu. Naomba, naomba, mtoto anakakamaa, nikaenda na mimi kuichukua. Juzi nikiwa nimepiga magoti likaniuliza swali hilohilo." Akafunika uso. "Nikanyamaza."

Tulizichoma zote mbili jikoni, tumeshikana mikono kama watoto. Ipi kati ya hizo ilikuwa inauliza? Sijui. Au lilikuwa linatuzunguka hata bila hirizi? Dawa ya hospitali ndiyo iliyomponya? Dozi nilimmalizia.

Kulipokucha mama akauliza, "Jumapili itakuwaje?"

"Nitasimama niseme nilidanganya."

"Na langu?"

"La kwako ni lako, mama. Utalisema mwenyewe siku ukiweza."

Jumapili nilisimama nikasema. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliangalia chini ibada nzima, na mpaka leo hajasimama.

Kikoti ninacho, kiko chini ya sanduku la vitambaa. Nimejaribu kufumua mikono, nimejaribu ile nusu ya shingo. Wembe hauna cha kukata. Vitundu vya sindano vipo, kitambaa kimeshikana kabisa.

Uzi haumo.

Mama nilimuahidi nisiseme, na tazama, nimekuambia wewe kwa sababu hunijui, hutamjua. Mama, nisamehe. Mtu mwingine simwambii.