Matundu Mawili kwenye Mlango wa Gari la Baba

Nilifungua mlango wa gari la marehemu baba yangu, nikakuta limevuliwa nguo.

Nilikuwa na bakuli la uji mkononi. Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika kamba ya aproni yangu asipotee.

Viti vilikuwepo. Lakini kava za milango zilikuwa zimeng'olewa. Viegemeo vya mikono, hakuna. Vishikio vya kuzungushia vioo, hakuna. Ule ukanda wa fedha chini ya dirisha... hakuna. Mlango ulikuwa bati tupu.

Mama alitazama ndani, akarudi nyuma hatua moja.

"Hili gari la nani?"

"La Baba, Mama. Panda, ule uji."

"Eliseo hana gari kama hili. Nirudishe nyumbani."

Ndugu msomaji, tulikuwa nyumbani.

Naomba nieleze. Mama ana ugonjwa wa kusahau. Kwa miaka miwili amekuwa akila sehemu moja tu duniani: kiti cha mbele cha abiria cha Sitini na Tatu. Huku kwetu, mjini Española, gari la zamani huitwa kwa mwaka wake, kama mtoto anavyoitwa kwa jina lake. Akikaa pale, Mama huamini kwamba Baba ameingia ndani kuchukua kofia, kisha wataondoka kwenda misa kanisani Chimayó. Wakati anamsubiri, anakula. Baba alifariki miaka sita iliyopita.

Kulikuwa na jambo moja dogo lililokuwa likinisumbua. Kila siku mkono wake wa kulia uliteleza kutoka kwenye kiegemeo cha mlango, ukashuka, ukawa unapapasa hewani. Mimi niliuinua na kuurudisha juu.

"Hapa, Mama. Kiegemeo kiko hapa."

Mara kumi kwa bakuli moja. Nilijiambia ni ugonjwa.

Siku ile sikuhitaji polisi. Nilimpigia mdogo wangu.

"Amadeo, kava za Sitini na Tatu ziko wapi?"

"Dada, tulia kwanza."

"Nimetulia. Ziko wapi?"

"Ziko kwangu. Kwenye Sitini na Nne."

Nilikaa juu ya ngazi.

"Ijumaa Kuu ni wiki hii," alisema haraka. "Kila mtu atapita na gari lake kwenye maandamano. Kava zangu zimechanika, na za Baba zimekaa tu. Halafu wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Za sitini na tatu na za sitini na nne zinaingiliana."

"Zinaingiliana ukizikata, Amadeo."

Akakohoa kwenye simu.

"Umezikata?"

"Kidogo tu. Inchi moja. Mama hatajua, dada. Mama hata jina langu halijui."

Nilitazama bati la mlango wa abiria, na ndipo nikaona matundu mawili ambayo kiwanda hakikuyatoboa. Yalikuwa yamekaa kombo, moja juu kidogo kuliko lenzake.

"Na mlango umeutoboa."

"Matundu gani?"

"Haya mawili hapa, yaliyokaa upande kama meno yako."

"Hayo siyo mimi, dada. Naapa kwa Mtoto Mtakatifu wa Atocha."

"Mwizi na mwongo ni mtu mmoja."

Nikakata simu.

Mjue pia kwamba mimi ni fundi wa mambo ya ndani ya magari ya zamani: viti, dari, kava za milango. Juu ya friji yetu kuna kombe ambalo Baba alishinda mwaka 1979. Limeandikwa: "Gari lenye vifaa halisi vya mwaka wake." Nimekua nikilitazama kombe hilo. Kwenye karakana yangu, kifaa cha mwaka mmoja hakiingii kwenye gari la mwaka mwingine hata kikikaa sawasawa. Wateja wananiita Sista, kama mtawa, kwa ukali wangu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne Mama hakula. Nilimpeleka mezani, akafunga mdomo. Nilimpeleka kwenye gari langu, akalia.

Jumatano alikunywa maji tu.

Alhamisi asubuhi muuguzi alimpima, akanivuta pembeni.

"Kama kesho hajala, itabidi tumpeleke hospitali, Santa Fe. Atalishwa kwa mrija."

"Atarudi?"

Muuguzi alianza kukunja vifaa vyake.

"Odelia... kwa umri wake, na hali yake, sitakudanganya."

Kabla ugonjwa haujamshika, Mama alinitaka ahadi moja tu: asifie mbali na nyumba hii. Nilimwahidi. Niliahidi nikiwa nakaanga pilipili, bila kugeuka, kama mtu anayeahidi kununua maziwa.

Saa hiyohiyo niliendesha hadi Velarde, kwenye yadi ya magari chakavu ya Mzee Belarmino. Nilimkuta amekaa juu ya kiti cha gari kisicho na gari.

"Natafuta kava za sitini na tatu, nyekundu."

"Hizo ziliisha nikiwa bado na meno, binti."

"Basi nyekundu yoyote."

Aliinua kofia ili anione vizuri, akaanza kucheka.

"Yoyote? Wewe Sista? Wewe uliyemrudisha mwanangu na kitasa chake kwa sababu kilichelewa kuzaliwa mwaka mmoja?"

"Mimi. Utanicheka ukimaliza kunisaidia."

Aliacha kucheka. Aliniongoza hadi kwenye kontena, akafunua blanketi kuukuu.

"Za sitini na mbili, na viegemeo vyake. Nilizikuta humu niliponunua yadi. Hakuna anayezitaka. Hebu ona hii ya abiria, mlevi gani aliitoboa?"

Niliona. Kava ilikuwa na matundu mawili ya ziada, yamekwenda kombo. Kama fundi, nilimwonea aibu aliyeyatoboa.

"Kiegemeo kitakaa chini mno," nilisema.

"Basi baki na bati lako."

Nikazichukua.

Nyumbani niliweka kava ya abiria kwenye mlango. Nilijua matundu yake hayatalingana na chochote, kwa hiyo niliandaa drili. Niliibana kava kwa goti, nikainamisha kichwa kutafuta mahali pa kutoboa.

Mwanga ulikuwa unapita.

Matundu ya kava yalikuwa yameangukia juu ya matundu ya bati. Yote mawili. Kombo juu ya kombo, kama ufunguo na kufuli lake.

Nilichukua boliti. Iliingia kwa vidole.

Niliitoa kava, nikaigeuza. Nyuma yake, kwenye ubao, palikuwa na maandishi ya penseli nene ya seremala. Herufi zile nilizijua. Zilikuwa za Baba, zilezile alizotia sahihi kwenye kila cheti changu cha shule.

"Ramoncita alishika, mimi nikatoboa. Mei 1971."

Ramoncita ni mama yangu.

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya gereji.

Mei 1971 ndio kwanza walikuwa wameoana. Bila shaka hawakupata kava za mwaka sahihi, wakachukua zilizopatikana na kuzilazimisha zikae. Kwa miaka minane Mama alipanda gari hilo akiwa ameegemeza mkono mahali pasipo sahihi. Kisha Baba akataka kombe. Akatafuta kava halisi, akazitupa zile za zamani yadini. Mimi nilikuwa na miaka mitatu.

Mkono wa Mama haukuwa unapapasa hewa. Ulikuwa unatafuta kiegemeo chake, inchi moja chini. Na mimi, mtoto wake, fundi wa vifaa halisi, kwa miaka miwili nilikuwa nauinua na kumwambia amekosea.

Ijumaa Kuu asubuhi nilimtoa nje. Muuguzi alisimama kwenye ngazi, simu mkononi.

Nilifungua mlango. Mama alitazama wekundu ule kwa muda mrefu. Hakuuliza gari ni la nani. Alipanda.

Mkono wake wa kulia uliteleza, ukashuka.

Ukatulia.

"Usitikisike, Eliseo," alisema. "Nimeshika."

Nilichota kijiko. Uji wa mahindi ya buluu, asali kidogo. Alifungua mdomo. Kijiko cha pili. Cha tatu. Muuguzi alirudisha simu mfukoni.

Mchana Amadeo alifika na Sitini na Nne yake. Alikuwa ameyaacha maandamano katikati. Milango ya gari lake ilikuwa bati tupu, na zile kava zilizokatwa alikuwa amezifunga kwenye shuka, kazikumbatia kama mtoto.

"Nimezirudisha, dada. Najua haziingii."

"Haziingii."

Alichungulia ndani ya gari la Baba, ambamo Mama alikuwa bado amekaa. Nilimwonyesha picha ya maandishi niliyoipiga kwa simu kabla ya kufunga kava. Aliyasoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Yale matundu hukuyatoboa wewe," nilisema. "Kwa hilo, nisamehe."

"Na mengine?"

"Mengine ni ya kwako, utakaa nayo."

Mama aligeuka, akamtazama kwa upole ambao mtu humpa mgeni.

"Kijana, funga mlango. Vumbi linaingia."

Amadeo akaufunga taratibu, kisha akaenda kusimama nyuma ya gereji peke yake.

Siwadanganyi kwamba mambo yamekuwa mazuri. Mama anazidi kudhoofika. Sijamsamehe mdogo wangu yote, na ukweli unaoniuma ni kwamba asingeiba, nisingeyaona yale matundu.

Lakini wewe unayemuuguza mzazi, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujaurudisha mkono wake pale unapoona ni sahihi, jiulize mkono huo unatafuta nini. Sisi tunaijua miaka ya vifaa. Wao wanajua walishika wapi.

Kombe la Baba nimelishusha kutoka kwenye friji. Sasa naweka humo boliti.

Kiegemeo kimekaa kombo, inchi moja chini ya mahali pake. Sikigusi.