Ndoo ya Mbwemkuru

Msimu wa korosho, soko la Nachingwea halipitiki. Wakulima wamelipwa, bodaboda wanapiga honi, kila duka limefungulia redio mpaka mwisho. Hapo ndipo Mayunga, kijana wa wafugaji waliohamia Mbwemkuru kutoka Shinyanga, alipomkanyaga Edina mguu.

"Samahani, dada!"

"Dada yako yuko Shinyanga. Hapa umemkanyaga muuza vitenge, kwa hiyo utanunua," alisema Edina, aliyeitambua lafudhi ya huko.

Edina alikuwa ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa. Mayunga naye alivaa kofia ya pama na jinzi mpya. Alinunua vitenge viwili, kimoja cha mama yake, kingine hakujua cha nani.

"Mbona ukigeuka unageuka mwili mzima, kama askari wa gwaride?"

"Ndiyo madaha yenyewe, Ngosha. Hujawahi kuona?" Edina alimjibu, akimwita kama waitwavyo wanaume wa Kisukuma.

Madaha wapi! Diski mbili za shingo yake zilikuwa zimetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu, mkono wa kulia ukawa unakufa ganzi. Daktari alimwambia asikimbilie kupasuliwa: ameze dawa, afanye mazoezi, asibebe kitu kichwani. Alikuwa anaendelea vizuri. Lakini binti wa kijijini Naipingo asiyeweza kujitwisha ndoo ya maji atamwambia nini mchumba? Aliona aibu, akanyamaza.

Simu zikaanza.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Ng'ombe wako wamekula?"

"Wamekula, wanakusalimia."

Basi Mayunga akampeleka nyumbani kwao. Mama yake alikuwa kwenye pampu na wanawake wa jirani, na bila kuzunguka akamkabidhi mgeni ndoo.

"Haya mkwe, hebu tuchotee maji."

Edina alichota, ndoo ikajaa, akabaki akiitazama. "Mama, mimi sikuzoea kubeba. Kwetu mjini tuna bomba," alidanganya.

Wanawake wakatazamana. Mayunga aliona uso unamwaka moto. Badala ya kumuuliza mwenzake kulikoni, akainyanyua ile ndoo, huku akicheka ili watu wacheke naye.

"Mayunga, usinitwishe, tafadhali."

"Usinidhalilishe bwana, hatua chache tu," alimnong'oneza, akamtwisha.

Alikwenda hatua chache kweli. Kisha shingo ikampiga kama umeme, mkono ukalegea, ndoo ikaanguka na maji yote yakammwagikia. Wanawake wakaangua kicheko. Edina akaita bodaboda, akaondoka amelowa, bila kuaga.

Na Mayunga, tazama ujinga wa mtu, akanuna! Alingoja aombwe radhi yeye. Simu ya Edina ilipokuwa haipatikani siku baada ya siku, alishuka Nachingwea, akamkuta Prisila, rafiki wa Edina, ndiye anayeuza vitenge.

"Edina yuko wapi?"

"Hospitali, kwenye mazoezi ya shingo. Diski zake zilikuwa zinapona, ukamtwisha ndoo. Sasa daktari anasema mkono usiporudi nguvu atapasuliwa. Unataka kitenge?"

Alimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi. Edina alipomwona alivuta khanga haraka kuficha mkanda wa shingo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Mayunga aliketi kando yake. Machozi yalimtoka mbele za wagonjwa. "Nataka kukuoa, Edina. Hata leo."

"Kwanza mwambie mama yako kilichotokea. Halafu nipigie."

Alirudi nyumbani na nia hiyo. Mama akamuuliza, "Yule mvivu wa mjini mmeachana?" Mayunga, mwanamume anayelala porini na fisi, akajibu, "Bado tunaongea, mama." Akaishia hapo.

Miezi ikapita. Asubuhi na jioni Edina alivuta kidevu nyuma, akazungusha mabega, akanyoosha mkono, siku nyingine akilia kwa maumivu. Ganzi ilitoka begani, ikatoka kwenye kiwiko, ikang'ang'ania vidole. Siku alipofunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, alipiga simu.

"Ngosha, daktari amesema sipasuliwi tena."

"Mungu mkubwa! Edina, sasa nikuulize..."

"Mama yako umemwambia?"

Mayunga akaanza kumsimulia habari za ng'ombe.

"Mayunga! Miezi yote hii huko kwenu mimi ni mvivu mwenye maringo?"

"Naona aibu, mpenzi."

"Mimi nililowa mbele yao. Usikate simu. Nenda."

Alikwenda, simu ikiwa bado hewani mkononi. Mama yake alikuwa pampuni, na wanawake wale wale.

"Mama," alisema. "Edina si mvivu. Alikuwa mgonjwa wa shingo. Alikataa ile ndoo, mimi nikamtwisha kwa nguvu kwa sababu niliogopa mtanicheka. Kidogo tu apasuliwe."

Mwanamke aliyekuwa anapampu aliacha. Mama alimtazama mwanawe, kisha akainyakua simu kwa mkono uliolowa.

"Shikamoo, mama," Edina alisema.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Shikamoo yako siistahili, mwanangu," alisema. "Siku ile mimi ndiye niliyecheka kuliko wote."