Dumu la Maji ya Safari

Kila asubuhi mama alichemsha maji kwenye sufuria kubwa, akayaacha yapoe, kisha binti yake akayamimina kwenye dumu. Mtaani walimwita binti huyo Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku waliyokwenda kumwona shangazi aliyejifungua, mama alimkabidhi dumu. "Haya ndiyo maji yetu ya njiani. Ya huko vituoni hatuyajui."

"Usijali mama, nitayatunza kama mboni ya jicho!"

Wapi! Basi liliposimama njiani, Chiriku alishuka na dumu lake, akakanyaga tope na viatu vyake vipya vyeupe. Mama alikuwa msalani, kaka yake amesinzia kitini. Bombani kulikuwa na foleni, naye hakuwa na subira. Alimwaga maji ya dumu akavisugua viatu mpaka vikang'aa. Kuja kushtuka, dumu tupu. Foleni ilipopungua alilijaza pale pale bombani, karibu na vyoo, akarudi kitini kimya.

Kaka alipoamka alikunywa vikombe viwili. "Wewe hunywi?"

"Sina kiu."

Mwongo mkubwa! Koo lilikuwa limemkauka kabisa, ila alijua maji yale yametoka wapi. Mama, ambaye safari humchafua tumbo, hakunywa kitu mpaka walipofika.

Wiki mbili baadaye kaka alishikwa na homa, kichwa kikimgonga, tumbo likimsokota. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki siku nne, naye alikuwa ameusomea mwaka mzima. Katika zahanati, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

"Mmesafiri karibuni?" muuguzi aliuliza. "Mlikunywa maji gani?"

"Ya kuchemsha, dada. Niliyachemsha kwa mkono wangu," mama alijibu kwa kujiamini.

Chiriku, msemaji wa nyumba nzima, aliinama akatazama viatu vyake. Wakapewa dawa ya kutuliza homa, wakarudi nyumbani.

Siku ya tatu kaka hakuweza hata kuketi. Hapo ndipo Chiriku alipoangua kilio akasema yote. Mama hakumpiga, wala hakumgombeza. Alimpa mgongo akaenda kutafuta gari. Damu ikapimwa tena: homa ya matumbo. Dawa zilifanya kazi na kaka akapona, lakini siku ya mtihani ilimpita akiwa kitandani. Sasa ni kurudia darasa.

Muuguzi alimwita Chiriku kando. "Safarini, mwanangu, kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na unawe mikono kwa sabuni. Kuyamwaga yale maji ulikuwa utoto tu. Lakini ulijua, ukamwacha ndugu yako anywe. Halafu nilipouliza, ukanyamaza. Ungesema siku ile, tungeanza dawa siku ile ile."

Kaka alipoanza kutembea, Chiriku alimpelekea kikombe cha maji aliyoyachemsha mwenyewe. Kaka alikipokea, akakitazama, akamrudishia.

"Anza wewe," alisema.

Chiriku akanywa, machozi yakimdondoka.