Mwalimu wa Gesi Atoka Nje

Mshonaji alikuwa sebuleni karibu na dirisha, akitia zipu kwa mkono kwenye suruali ya mteja. Mama mkwe wake alikuwa amelala chumbani. Mara mshonaji akasikia harufu ya gesi. Akakimbia jikoni. Kulikuwa na giza, akabonyeza swichi ya taa.

Bahati yao, umeme ulikuwa umekatika bila yeye kujua.

Mumewe aliisikia harufu akiwa mlangoni. Akaingia, akafunga koki ya mtungi, akafungua madirisha, akawatoa wote nje. Mshonaji alikaa kwenye ngazi. Somo la usalama wa gesi alikuwa amehudhuria, tena mstari wa mbele. Alijua kabisa kwamba swichi haiguswi.

Kesho yake alimweleza mwalimu wa somo hilo. Alitarajia kukemewa. Mwalimu alikumbuka siku ya somo: ukumbi ulijaa, watu wakapiga makofi, naye akarudi nyumbani moyo mweupe.

"Dada, usijilaumu," alisema. "Niliwauliza kama mmeelewa, mkaitikia ndiyo. Sikuwaona mkifanya. Kusema ni kusema, na kutenda ni kutenda."

Basi mwalimu akazunguka nyumba za wanafunzi wake na mtungi mtupu. Alimwomba kila mmoja aonyeshe angefanya nini harufu ikitokea. Wengi walieleza vizuri. Lakini mikono yao ilikwenda kwenye swichi, na wengine hawakujua koki inafungwa upande gani. Mwalimu hakumcheka mtu. Aliona somo lake lilipopwaya.

Akafundisha upya. Safari hii kila mtu alishika mtungi mwenyewe: funga koki, fungua milango, usiguse swichi wala kiberiti, toka nje na wenzako. Walirudia mpaka mikono ikazoea.

Baada ya miezi kadhaa alirudi majumbani bila kutoa taarifa, aone kilichobaki. Kwa mshonaji alimkuta mama mkwe peke yake. Bibi huyo hakuwahi kuhudhuria somo.

"Mkwe wangu kanifundisha," alisema bibi, akipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. "Ananisumbua kama mtoto wa chekechea."

Povu likatoa viputo vidogo. Mpira ulikuwa unavuja. Bibi akafunga koki, akasukuma dirisha. Mwalimu akafungua mdomo aulize jambo.

"Toka nje kwanza, mwanangu," bibi akamwambia, akimshika mkono. "Maswali utaniuliza huko."

Mwalimu akatoka.