Maharagwe ya Sikukuu ya Shukrani

Verna Hostetter alirudi kutoka kiwandani asubuhi, miguu imemvimba. Usiku kucha alikuwa akitengeneza matairi ya magari ya jeshi. Mumewe, Clyde, alikuwa vitani ng'ambo. Leo ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na mjini Akron, Marekani, bata mzinga wa sikukuu hakupatikana. Opal, mama mkwe wake, alikuwa akioka kuku mzee.

"Kaa, mwanangu. Utaanguka."

"Nikikaa sitainuka, Mama. Acha nipashe maharagwe moto, watoto wana njaa."

Maharagwe hayo mabichi walikuwa wameyalima wenyewe nyuma ya nyumba, wakayahifadhi kwenye chupa tangu kiangazi. Verna alipofungua chupa moja, kifuniko kiliruka, povu likatoka. Akachota kidogo kwa kijiko ili aonje.

"Usionje! Weka chini!"

Alikuwa jirani yao, Bi Selma, amesimama mlangoni na pai ya maboga. Yeye ndiye aliyewafundisha akina mama kanisani kuhifadhi chakula.

"Mbona hayanuki?" Verna aliuliza.

"Sumu ya chakula kilichoharibika chupani huenda isinuke wala isionekane. Kidogo tu huua. Mliyapikaje?"

Opal akajibu kwa ukali, "Tulichemsha chupa kwenye sufuria ya maji, kama alivyofanya mama yangu. Na hatujafa!"

"Mlibahatika, Mama Opal. Njia hiyo inafaa matunda yenye uchachu. Maharagwe, mahindi na nyama vinataka sufuria ya presha. Joto lake hupita la maji yanayochemka, ndilo linaloua vijidudu vya sumu."

Verna akazitazama chupa zilizojaa rafuni. Jasho la kiangazi kizima. Machozi yakamtoka.

"Zote, Bi Selma?"

"Zote, dada. Tuyafukie mbali, hata kuku wasiyafikie."

Opal akasema polepole, "Ningewazika wajukuu wangu kwa mkono wangu." Akachukua koleo, akatangulia nje.

Siku hiyo walikula kuku, viazi na pai.

Kiangazi kilichofuata, Opal ndiye aliyemvuta Verna kwenda kanisani, ambako akina mama walipokezana sufuria ya presha.

Sikukuu ikarudi. Vita havikuwa vimeisha, na Clyde hakuwa amerejea. Lakini maharagwe yalikuwa mezani, yamehifadhiwa sawasawa na kuchemshwa tena kabla ya kuonjwa. Watoto wakaomba nyongeza. Verna alikuwa amesinzia palepale, uma mkononi.

"Mama amelala!" watoto wakacheka.

Opal akamfunika shali. "Mwacheni apumzike. Nyie kuleni, msiogope."